Mikono Nyuma ya Kioo

Katika ghala za Makumbusho ya Elimu ya Viumbe mjini Berlin kuna mizigo iliyofungwa bara, nyuma ya Lindi, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mingine haijafunguliwa mpaka leo. Nje ni fito za mianzi zilizobanwa pamoja na kukazwa. Ndani yake ni udongo mkavu, na ndani ya udongo ni mifupa ya dinosau walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Wataalamu wa siku hizi wameipitisha baadhi ya mizigo hiyo kwenye mashine ya CT, ile ile ya hospitali inayochungulia kichwa cha mgonjwa, wakaona mifupa ilivyolala bila kukata ufito hata mmoja.

Mizigo ile ilibebwa kwa miguu siku kadhaa, ikapakiwa melini, ikavuka bahari, ikakaa ghalani wakati wa vita viwili vya dunia, na katika vita vya pili jengo lenyewe liliangukiwa na mabomu. Mianzi bado imeshika. Walioifunga hawakuwa na shahada ya jiolojia. Walikuwa na mikono iliyojua mzigo unavyotikisika njiani, mwanzi unavyopinda, na udongo unavyokaza ukikauka. Kila kilichoandikwa baadaye kuhusu mifupa hiyo, vitabu kwa vitabu, kimesimama juu ya ujuzi huo.

Ujuzi huo ndio ninaotaka kuusifu. Tunaingia makumbusho, tunasimama mbele ya kioo, tunauliza jiwe hili lina umri gani na lingeuzwa kwa bei gani. Ni nadra kuuliza limefikaje hapo likiwa zima. Jiwe halijitoi ardhini, halijisafishi, wala halijiandiki jina. Chochote kinachotufundisha ndani ya kabati la makumbusho kimepita mikononi mwa mafundi, na elimu yetu haiwezi kuwa ya kweli kuliko kazi yao.

Tuanze na Tendaguru penyewe. Ni kilima kilichoko kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yalipeleka huko msafara wa uchimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Nchi ilikuwa bado haijapona Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Watu waliofanya kazi hiyo walihesabika kwa mamia, na katika misimu mikubwa walikaribia 500. Barabara haikuwepo, na mbung'o waliwamaliza wanyama wa mizigo, kwa hiyo kila mfupa ulishuka pwani juu ya kichwa au begani mwa mtu. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe ziliondoka kwa njia hiyo. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyeijua kazi hiyo kwa undani, tangu kufukua hadi kusafisha na kufunga.

Mtu asiyewahi kuigusa kazi hii hudhani kwamba mfupa uliogeuka jiwe ni mgumu na hauna shida. Kumbe mara nyingi umelala ardhini ukiwa na nyufa mamia, na kinachoushikilia ni udongo unaouzunguka tu. Ukiuondoa udongo kwa pupa, mkononi unabaki na changarawe. Ndiyo maana fundi hachimbi mfupa. Anachimba pembeni mwake. Anatafuta ukingo wake kwa brashi na kisu chembamba, anashuka taratibu pande zote, anauacha umesimama juu ya nguzo ya udongo wake mwenyewe. Sehemu iliyofunuliwa anainywesha gundi nyepesi iingie kwenye nyufa. Kisha anaufunika kwa karatasi yenye unyevu, ili kinachofuata kisigande kwenye mfupa, na juu yake analaza vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, ile wanayofungwa waliovunjika miguu. Plasta ikikauka, anakata nguzo chini, anaupindua mzigo wote kwa mara moja, anafunga na upande wa pili.

Tendaguru plasta ilikuwa bidhaa ya meli, haba na ya gharama. Mianzi na udongo mwekundu vilikuwepo tele. Mafundi wakafanya kwa vya kwao kile ambacho Ulaya walifanya kwa vya dukani, na matokeo yake ndiyo yale yaliyolala Berlin.

Lakini kabla ya kuchimba kuna kuona, na kuona nako ni ufundi. Mwezi Agosti 1984, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, mtafuta visukuku Kamoya Kimeu alitembea kwenye ukingo wa korongo la mto mkavu wa Nariokotome. Ardhi ilijaa kokoto nyeusi za volkano. Katikati ya kokoto hizo aliona kipande kidogo cha fuvu, cheusi vilevile. Wengine wangekipita. Uchimbaji ulioanzia hapo uliendelea kwa misimu kadhaa na kufukua kiunzi cha kijana wa jamii ya Homo erectus aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita, kikiwa kamili kuliko karibu vyote vya umri huo vilivyowahi kupatikana. Jicho lile halikuja kwa bahati. Kamoya alianza kazi na akina Leakey, familia ya watafiti wa visukuku, huko Olduvai, Tanzania, mwaka 1960. Mwaka 1964, karibu na Ziwa Natron, aliliona taya la kale linalojulikana kama taya la Peninj. Alikuwa amejifunza mifupa ya wanyama mmoja baada ya mwingine, mpaka akawa anajua mpindo wa fuvu ni upi na mpindo wa jiwe ni upi akiwa amesimama wima chini ya jua kali. Makabati ya makumbusho ndiyo yanayonoa macho ya namna hiyo. Anayeshika mifupa 100 inayojulikana ndiye atakayeutambua mmoja usiojulikana.

Kazi ya porini ikiisha, huanza kazi ya mezani, ambayo ndiyo ndefu. Mfupa uliofukuliwa kwa wiki moja unaweza kumkalisha fundi miezi mingi. Vifaa vyake ni vidogo: sindano zilizotiwa mpini, tindo nyembamba, brashi, taa inayomulika kutoka ubavuni, hadubini. Kwenye maabara zenye uwezo kuna kalamu ya hewa, chombo chenye ncha ya chuma inayogonga maelfu ya mara kwa dakika moja. Fundi hakandamizi. Anaweka ncha karibu na mahali jiwe linapokutana na mfupa, analiacha jiwe lijimegee lenyewe. Anatazama rangi, kwa sababu mfupa mara nyingi una rangi iliyokolea zaidi au mng'aro tofauti na jiwe linaloushika. Anasikiliza pia, maana jiwe gumu na jiwe linalokaribia kuachia hayatoi mlio mmoja. Siku nzima inaweza kupita na kilichosafishwa kisizidi ukucha wa kidole gumba. Kesho yake anarudi pale pale.

Ninachokistahi zaidi katika hatua hii ni kujua pa kukomea. Chini ya hadubini, uso wa mfupa una alama nyembamba mno: mikwaruzo ya meno ya fisi, mikato ya jiwe lililochongwa na binadamu wa kale, mifereji midogo ya mishipa ya damu. Fundi mwenye haraka huzikwangua bila kujua, na zikishakwanguliwa hakuna atakayezirudisha. Wakati mwingine aliyekomaa huacha ganda jembamba la jiwe mahali pake, akijua kwamba kuliondoa kungempa mtazamaji picha safi na kumnyima mtafiti ushahidi.

Yako mawe ambayo sindano haifai kitu. Kisukuku kikiwa ndani ya jiwe la chokaa, fundi hutumia asidi ya asetiki, ambayo ndiyo inayoipa siki ukali wake, akiizimua kwa maji mengi. Chokaa hutoa mapovu na kuyeyuka kidogo kidogo. Mfupa, ambao umeundwa kwa fosfeti, hustahimili. Kila sehemu inayojitokeza hukaushwa na kupakwa gundi nyembamba ya kuilinda kabla ya kurudishwa kwenye beseni. Kila kuzama kwenye asidi hufuatwa na kuzama kwenye maji safi kwa muda mrefu zaidi, kwani chumvi zikibaki ndani zitaganda na kuupasua mfupa baada ya miezi. Mapovu hayo hayo ndiyo kipimo ambacho mwanafunzi wa jiolojia hufundishwa mapema kabisa: tone la asidi juu ya jiwe, likitoa mapovu, hapo kuna chokaa. Watu wa mwambao wanaishi na jiwe hilo. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe ya kale, na mahali lipu ilipobanduka mtu anaweza kuona umbo la tumbawe lililoishi baharini kabla ya mji wowote kujengwa pwani hii. Mtoto wa huko ana makumbusho ya visukuku kwenye ukuta wa nyumba yao.

Baada ya kusafisha huja kuunganisha. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona kwenye mteremko wa Olduvai mfupa na meno yaliyochomoza kwenye udongo. Fuvu lile, ambalo dunia ililijua kwa jina la Zinjanthropus, halikutoka likiwa fuvu. Lilitoka vipande mamia. Udongo wa mteremko ulichekechwa na kuoshwa, na kila kilichobaki kwenye chekeche kikatandazwa na kutazamwa. Anayechambua mchele anatafuta kijiwe akitupe. Huyu anatafuta kijiwe akitunze, na akikikosa kimoja, pengo litabaki usoni mwa fuvu milele. Kisha vipande vikaanza kujaribiwa. Vinapangwa kwa unene, kwa rangi, kwa mpindo, kwa mifereji ya mishipa iliyo upande wa ndani. Kingo mbili zilizovunjika pamoja zinapokutana hukaa bila kulazimishwa, na fundi huhisi kwenye vidole kabla hajaona kwa macho. Fuvu hilo lilikaa Nairobi hadi mwaka 1965, liliporudishwa Tanzania, na leo limehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam.

Uaminifu wa fundi hujulikana kwenye mapengo. Panapokosekana mfupa, hujaza kwa rangi tofauti kidogo, ili mtazamaji ajue hapa ni mfupa na hapa ni makisio. Yule dinosau mkubwa wa Tendaguru, Giraffatitan, aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937 na kufikia kimo cha mita 13.27 baada ya kusimamishwa upya mwaka 2007, ameundwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja. Pingili zake halisi za shingo na mgongo ni nzito na dhaifu mno kutundikwa, kwa hiyo zilizoko juu ni za kutengenezwa. Mgeni anayelijua hilo hapungukiwi na mshangao. Anaongeza heshima kwa waliomwambia ukweli.

Gundi yenyewe ina kanuni. Mafundi wa zamani walitumia vitu vilivyogeuka njano, vikawa vigumu na kung'ang'ania. Wa leo huchagua zaidi gundi ya Paraloid B-72, ambayo huyeyushwa kwa asetoni. Sababu ni moja: inaweza kuondolewa. Kanuni ya kazi hii ni kutofanya jambo ambalo atakayekuja baadaye hataweza kulitengua. Umuhimu wake unaonekana kwenye fuvu namba 1470, lililoonwa na Bernard Ngeneo huko Koobi Fora mwaka 1972. Lilikuwa vipande zaidi ya 150, na Meave Leakey pamoja na wenzake walitumia wiki nyingi kuliunga. Uso na sehemu ya fuvu inayofunika ubongo viligusana mahali padogo sana, kwa hiyo mwinamo wa uso ulibaki kuwa hoja. Ukiuinamisha kidogo mbele unapata sura moja; ukiusimamisha unapata nyingine, na kila sura ina maana yake katika ukoo wa binadamu. Wataalamu wamebishana juu ya jambo hilo kwa miongo, na wameweza kubishana kwa haki kwa sababu vipande vyenyewe vimetunzwa na vinaweza kupimwa tena.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho wageni wengi hawakitazami kabisa: kadi iliyo pembeni ya jiwe. Namba ya kiunzi cha Nariokotome ni KNM-WT 15000. Herufi tatu za mwanzo ni za Makumbusho ya Taifa ya Kenya, WT ni magharibi ya Turkana, na tarakimu ni namba yake katika daftari. Fuvu la Ngeneo ni KNM-ER 1470, na ER ni mashariki ya Rudolf, jina ambalo ziwa lile liliitwa kabla ya kubadilishwa kuwa Turkana mwaka 1975. Namba haikubadilishwa, kwa sababu namba ikibadilishwa, madaftari, ramani na makala za nyuma hupoteza njia ya kuifikia. Anayeandika namba ya namna hiyo huiandika kwa kalamu nyembamba juu ya tone la vanishi mahali pasipo na alama yoyote ya maana, na huiandika tena kwenye kadi, na tena kwenye daftari.

Kadi inaposema jiwe limetoka wapi na kwenye tabaka gani, jiwe linaendelea kufundisha hata baada ya aliyelichimba kufariki. Zinjanthropus ni shahidi. Louis Leakey alipolitangaza alilikadiria miaka 600,000 hivi. Lakini tabaka lilikokuwa lilirekodiwa kwa makini, na ndani ya tabaka hilo mlikuwa na majivu ya volkano. Mwaka 1961 wanasayansi wa Marekani waliyapima majivu hayo kwa njia ya potasiamu na agoni wakapata miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makadirio ya mwanzo. Historia ya binadamu ilirefuka kwa mpigo mmoja. Fuvu lile lile, kama lingekuwa limeokotwa na kuuzwa bila kumbukumbu ya mahali, lingebaki kuwa kitu cha ajabu kisicho na tarehe. Ndiyo maana biashara ya visukuku vilivyong'olewa usiku inauma. Mnunuzi huondoka na jiwe, na mahali lilipotoka hapajulikani tena.

Madini nayo yana mafundi na makabati yake. Dodoma, kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, yamekusanywa miamba na madini ya nchi, na mkusanyiko wa aina hiyo ni darasa ambalo picha za vitabu haziwezi kulifikia. Picha haina uzito. Huwezi kuikwaruza. Mjerumani Friedrich Mohs, mwaka 1812, alipanga madini 10 kutoka laini kabisa, ulanga laini wa unga, hadi almasi, kwa kanuni ambayo mtoto anaweza kuijaribu: gumu hukwaruza laini. Ukucha una kiasi cha 2.5, kioo cha dirisha 5.5, kwatzi 7. Kipimo kingine ni alama inayobaki ukisugua jiwe kwenye kigae kisichong'arishwa. Hematiti, mawe ya chuma, huweza kung'aa rangi ya fedha au nyeusi, lakini kwenye kigae huacha wekundu wa kutu. Pairiti, ambayo umanjano wake umewatia wachimbaji wengi tamaa bure, huacha weusi wenye ukijani, ilhali dhahabu huacha njano. Malakiti ya Katanga, ile inayochongwa na kuuzwa Lubumbashi, ni kijani nje na kijani kwenye kigae, na kijani hicho ni cha shaba. Baada ya kugusa vipande kadhaa vilivyopangwa na mtu anayejua, mkono unakumbuka kile ambacho macho yalikuwa yakichanganya.

Ufundi wa kuandaa kipande cha madini ni tofauti na ule wa mfupa, lakini moyo ni mmoja. Chukua tanzaniti, iliyogunduliwa Mirerani mwaka 1967. Sonara huiona baada ya kukatwa na kuchomwa moto, ikiwa buluu tupu. Jiwe lililotoka ardhini mara nyingi lina ukahawia. Joto ndilo huondoa ukahawia huo na kuiacha buluu. Jiwe la asili, likigeuzwa pande tatu mbele ya mwanga, laweza kuonyesha rangi tatu: buluu, zambarau na wekundu wa kahawia. Kwa mwalimu, kipande cha thamani ni kile ambacho hakijachomwa wala kukatwa, kikiwa bado kimeshikwa na mwamba wake wenye kinywe, kile kinywe kinachochafua vidole na kutengeneza ncha za penseli. Kipande hicho kinaonyesha vito hivyo vimezaliwa na nani na vimekua katika nyumba gani. Kukipata kunahitaji mtu anayeweza kupunguza mwamba kwa nyundo na tindo bila kuutikisa ufuwele, na anayeweza kujizuia asiutoe. Sokoni kujizuia huko ni hasara. Ndani ya makumbusho ndiko kunakofanya jiwe liwe somo.

Jiwe likishawekwa kabatini, wengi hudhani kazi imekwisha. Mawe pia huugua. Pairiti iliyo ndani ya kisukuku ikikutana na hewa yenye unyevu mwingi huanza kubadilika na kutoa asidi ya salfa. Asidi hiyo hukivunja kisukuku chenyewe kuwa unga, hula kadi iliyo chini yake, na hutoboa hata sanduku. Realgari, madini mekundu ya aseniki, ikiachwa kwenye mwanga hugeuka unga wa manjano. Kunzaiti hupauka. Chumvi ya mawe hunyonya maji ya hewani ikalowa. Mende hula karatasi na gundi. Mchwa hula mbao za kabati. Katika miji ya pwani, ambako hewa yenyewe ni mbichi mwaka mzima, mtunzaji anapambana kila siku. Anapima unyevu, anafunga vipande vyepesi kuharibika kwenye vyombo visivyopitisha hewa, anaweka vidonge vya kufyonza maji, anafungua droo moja moja na kuangalia kama kuna unga mpya chini ya jiwe. Kazi yake ikifanikiwa, hakuna kinachotokea, na kwa sababu hakuna kinachotokea, bajeti yake ndiyo hukatwa kwanza. Nasema hili kwa uchungu. Kuta na mataa ya ukumbi hupata wafadhili. Mtu wa droo hana wa kumsemea.

Na kuna mafundi wa nakala. Huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1978, kikosi cha Mary Leakey kilifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Ziko kama 70 kwenye njia ya mita 27 hivi. Mwamba ule hauwezi kubebwa, na ukiachwa wazi mvua na jua vitaumaliza. Zikafukiwa. Lakini ndani ya udongo uliozifukia mlikuwa na mbegu za migunga, miti ikaota, mizizi ikaanza kuzitishia. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Tanzania na wa Taasisi ya Getty ya Marekani walizifunua, wakaitoa mizizi mmoja mmoja, wakazifukia upya kwa mpangilio bora. Kwa hiyo mtu anayetaka kuzijua nyayo hizo anazijua kupitia kalibu zilizotengenezwa juu yake na nakala zilizomiminwa ndani ya kalibu hizo. Kalibu nzuri inataka mkono usiotetemeka: mpira wa maji unamwagwa taratibu usishike mapovu, unaachwa ukaze, unabanduliwa bila kung'oa hata punje. Kisha nakala inapakwa rangi hadi kila doa la jivu lionekane. Mtoto anaweza kuingiza kidole kwenye kisigino na kuhisi uzito wa mwili ulivyohama kwenda kwenye kidole gumba, jambo ambalo asingeruhusiwa kamwe kulifanya kwenye nyayo halisi.

Hatua zote hizi zina watu, na watu wana majina. Mwaka 2007 dinosau mwingine wa Tendaguru, ambaye pingili zake zilikuwa Berlin tangu msafara ule, alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Ilichukua karibu miaka 100. Kamoya Kimeu alipata heshima yake akiwa hai: mwaka 1985 alipokea nishani ya Shirika la National Geographic kutoka kwa Rais Ronald Reagan, na sokwe wa kale Kamoyapithecus anabeba jina lake. Hao ni wawili. Wapo wachimbaji, wachekechaji, wasafishaji na waandika kadi wengi ambao mchango wao umezama ndani ya neno "msafara". Mjadala kuhusu mifupa ya Tendaguru, kama irudi Tanzania au ibaki Berlin, ni mjadala wa haki na unaendelea. Lakini kuna deni, la kuyataja majina hayo, ambalo halihitaji meli wala mkataba. Makumbusho yoyote, Berlin, Nairobi au Dar es Salaam, yanaweza kulilipa mwezi huu kwa karatasi na kalamu.

Nawaomba walimu wanaopeleka wanafunzi makumbusho wabadili maswali. Mbele ya kila jiwe wamfundishe mtoto kuuliza: limetoka mahali gani hasa? Nani alilitoa, na nani alilisafisha? Sehemu gani ni halisi na ipi imejazwa? Tunajuaje umri wake? Mtoto anayeuliza hivyo anajifunza jiolojia sawasawa, kwa sababu elimu hii yote imejengwa juu ya majibu ya maswali hayo manne. Nawaomba wakuu wa makumbusho nao waandike kwenye kadi, chini ya jina la Kilatini na umri wa mamilioni, mstari mmoja zaidi: jina la aliyeliona jiwe na jina la aliyelisafisha. Kijana wa Lindi au wa Turkana anayesoma mstari huo atajua kwamba kazi hii ina nafasi ya watu wa kwao, na kwamba inaanza kwa brashi, sindano na uvumilivu, vitu ambavyo anaweza kuvipata.